Kadi ya Memori Inamtii Nani? Konsoli za Mkononi katika Pwani ya Uvira

Anayekwenda kununua kadi ya memori kwa ajili ya konsoli ya mkononi huulizwa swali moja dukani: unataka ya giga ngapi? Swali lina mantiki yake. Michezo imejaa, konsoli inakataa kupokea mwingine, na aliyeishiwa nafasi anatafuta nafasi. Muuzaji wa Paris au Dubai anaweza kuishia hapo bila kumpunja mteja, kwa sababu mteja wake akirudi nyumbani atakuta umeme, intaneti isiyopimwa kwa mega, na duka la mtandaoni linaloitambua nchi yake. Uvira mambo ni mengine. Katika mji huu uliobanwa kati ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika, kuanzia Kavimvira kwenye mpaka wa Burundi mpaka bandari ya Kalundu, na kuteremka kusini kupitia Makobola na Mboko hadi Baraka, kadi hufanya kazi kubwa kuliko kuongeza stoo: ndiyo barabara ambayo mchezo, filamu na nyimbo hupitia mpaka kumfikia mtu. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu giga, mnunuzi wa pwani hii anapaswa kuuliza kama kadi hiyo, ikichomolewa kwenye konsoli moja na kuchomekwa kwenye nyingine, itatoa kilichomo bila kwanza kuomba ruhusa kwa seva iliyo ng'ambo. Ikikubali, ni kadi huru. Ikikataa, ni kadi iliyofungwa, hata iwe na ukubwa gani. Hoja ya makala haya ni kwamba katika mazingira ya Uvira kadi huru ya giga 32 ina thamani kuliko kadi iliyofungwa ya giga 512, na kwamba konsoli yenyewe ipimwe kwa kigezo hichohicho.

Hesabu inalionyesha jambo hili vizuri kuliko maneno. Mchezo wa The Legend of Zelda: Breath of the Wild, uliotoka pamoja na Nintendo Switch mwaka 2017, una gigabaiti 13.4 ukiupakua. Tuchukue mtandao wa simu unaotembea kwa megabiti 5 kwa sekunde bila kusitasita hata mara moja, jambo ambalo tayari ni ukarimu. Mchezo huo utachukua karibu saa 6 kushuka. Betri ya Switch ya kwanza hudumu kati ya saa 2 na nusu na saa 6 na nusu mtu akicheza, kwa hiyo kazi hiyo inataka umeme wa ukutani, na umeme wa shirika la SNEL unaotoka kwenye mabwawa ya Ruzizi haumwahidi mtu saa 6 mfululizo. Anayechaji simu kibandani kwa kulipa hawezi kuiacha konsoli hapo siku nzima. Weka mchezo huohuo kwenye kadi inayosoma megabaiti 40 kwa sekunde, kasi ya kawaida kabisa, na kunakili kunakwisha kwa dakika 5 na nusu. Hesabu nyingine ni ya safari. Kutoka Bujumbura hadi Uvira ni takriban kilomita 30 kwa barabara, kupitia Gatumba. Abiria mwenye kadi ya giga 128 mfukoni akitumia saa 2, foleni na mihuri ya mpakani ikiwemo, amesafirisha data kwa wastani wa megabiti 142 kila sekunde. Na hakununua mega hata moja.

Mtu atasema barabara nayo hukatika, na atakuwa na haki. Mwaka 2020 mpaka wa Kongo na Burundi ulifungwa kwa sababu ya Korona, na Aprili mwaka huohuo mto Mulongwe ulifurika ukabomoa maelfu ya nyumba mjini. Februari 2025 mji wa Bukavu uliangukia mikononi mwa waasi wa M23, na Desemba Uvira yenyewe ikafuata. Lakini mtandao nao hauhitaji vita ili ukatike: Desemba 31, 2018, siku moja baada ya uchaguzi, serikali ilizima intaneti nchi nzima, na haikurudi mpaka baada ya takriban siku 20. Tofauti ya njia hizi mbili inaonekana baada ya kukatika. Mtandao ukizimwa, kilichokuwa hakijapakuliwa hakipo. Barabara ikifungwa, kilichokwisha kuingia mjini kinaendelea kuzunguka kutoka Kakombe hadi Kasenga, kutoka simu hadi simu, kikizaa nakala bila kupungua. Wasiojua mzunguko wa namna hii hudhani ni umaskini wa teknolojia. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 2010, Mmarekani Christopher Kirkley alikusanya nyimbo kutoka kwenye kadi za simu za watu wa Kidal, kaskazini mwa Mali, akazitoa kama albamu ya Music from Saharan Cellphones. Wacuba nao wana El Paquete, mzigo wa terabaiti nzima ya filamu, programu na michezo unaosambazwa kila wiki kwenye diski, mkono kwa mkono. Mzunguko huo hufa pale tu kinachobeba data kinapogoma kusomeka kwenye mashine ya mtu wa pili.

Na kugoma huko ni uamuzi wa mtu mezani, kwa kuwa umbo la kadi halilazimishi. MicroSD tunayoijua, kipande cha milimita 15 kwa 11, ilianza kama TransFlash ya SanDisk mwaka 2004 na kupata jina lake la sasa mwaka uliofuata. Kiwango cha SDHC cha mwaka 2006 kiliifikisha giga 32, na SDXC ya mwaka 2009 ikafungua mlango hadi terabaiti 2. Katika historia hiyo yote kadi yenyewe haikumuuliza mtu jina. Wenye konsoli ndio waliotofautiana. PSP ya Sony, iliyotoka Japani Desemba 2004, ilitumia Memory Stick Duo, kadi ya Sony wenyewe isiyopatikana kirahisi kama SD. Hata hivyo ukiiunganisha konsoli na kompyuta yoyote kwa waya wa USB ilifunguka kama flashi, ukaburuta nyimbo, picha na video ndani ya mafolda yake, na baadaye adapta ndogo zikawezesha microSD kukaa ndani ya umbo la Memory Stick. Kisha mwaka 2011 ikaja PS Vita, na Sony wakarudi nyuma. Waliitengenezea kadi isiyoingia kwenye kamera, simu wala kifaa kingine chochote, wakaiuza ghali kuliko SD ya ukubwa uleule, wakaifunga kwa akaunti ya mtumiaji. Kikomo kilikuwa giga 64. Vita ilikuwa mashine nzuri, nzuri kuliko PSP kwa kila kipimo cha fundi, na bado kwa mtu wa Uvira ilikuwa hatua ya kurudi nyuma. (Watu wa Kivu wanaweza kutabasamu kidogo hapa. Pini za kadi zilizopakwa dhahabu, solda ya bati, kapasita za tantalumu ndani ya konsoli: yote hayo ni madini ambayo ardhi yao inayo, na mwaka 2000, PlayStation 2 ilipokuwa inaingia sokoni, bei ya koltani, madini yatoayo tantalumu, ilipanda kwa kishindo. Madini yanavuka mpaka bila nenosiri.)

Nintendo Switch inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu kwa sura ya nje ndiyo karimu kuliko zote. Ina giga 32 tu ndani, lakini inua kile kiguu cha nyuma na utakuta tundu la microSD ya kawaida, ileile inayouzwa kwa ajili ya simu, hadi terabaiti 2. Chomeka ya giga 32 na inakubali. Chomeka ya giga 64 au zaidi kwenye konsoli ya mwanzo ambayo haijawahi kusasishwa, nayo inakutaka kwanza uingie mtandaoni kupakua sasisho litakaloifundisha kusoma SDXC. Yaani kadi uliyoinunua ili ukwepe mtandao inakurudisha mtandaoni. Ukishavuka hapo, michezo unayoipakua huandikwa kwenye kadi kwa siri inayojulikana na konsoli hiyo moja. Unaweza kuihamishia kwenye kadi kubwa zaidi kwa kunakili folda ya Nintendo kupitia kompyuta, mradi konsoli ni ileile. Ipeleke kwa jirani mwenye Switch yake, na kadi inakuwa kipande cha plastiki kinachosubiri kufomatiwa. Kibaya zaidi, rekodi za maendeleo ya mchezo, yaani zile saa za jasho la mchezaji mwenyewe, hazikai kwenye kadi kabisa. Zinabaki ndani ya konsoli, na konsoli ikiingia maji ya mafuriko zinaondoka nayo, isipokuwa kwa aliyelipia huduma ya mtandaoni ya kuzihifadhi. Kadi inabeba picha na video za kujionyesha. Kilicho cha mchezaji hasa haikibebi.

Kufuli hilo lina maana moja Lyon na nyingine Uvira. Wa Lyon akipoteza kadi anaingia kwenye akaunti yake na kupakua tena usiku akiwa amelala. Kongo haimo katika orodha ya nchi zenye PlayStation Network, huduma ya mtandaoni ya Sony, na Nintendo nao hawana duka la mtandaoni la Kongo. Anayetaka kununua inambidi ajiandikishe kama mkazi wa nchi nyingine na kutafuta kadi ya malipo ya huko. Mei 2024 jambo hili lilionekana duniani kote, pale mchezo wa Helldivers 2 ulipoondolewa sokoni kwenye duka la Steam katika nchi zaidi ya 170 kwa sababu tu hazikuwa na PlayStation Network, baada ya Sony kutaka wachezaji wa kompyuta waunganishe akaunti. Mwenye akaunti ya kuazima anamiliki kwa kuazima. Tena duka lenyewe lina umri: Machi 27, 2023 Nintendo walifunga mauzo ya duka la 3DS, konsoli ya mwaka 2011, na kwa hiyo mtu aliyeipata kama mtumba mwaka uliofuata alipata mashine yenye tundu la SD na asiwe na mahali halali pa kununua cha kuijaza, ila kwenye katriji.

Ndiyo sababu mchezo wa mkononi katika pwani hii, kama sehemu nyingi za Afrika Mashariki, umeshaihama konsoli na kuingia kwenye simu yenye tundu la kadi. PPSSPP, programu ya bure inayoigiza PSP na iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2012, inaendesha michezo ya mpira ya PSP kwenye simu ya Android ya bei ya chini. Ukubwa wa michezo hiyo ndio unaoifanya ifae: diski ya UMD ya PSP haikuzidi giga 1.8, kwa hiyo hata ukichukua ile iliyojaa hadi ukingoni, kadi ya giga 32 inabeba 17. Mashine ndogo za Kichina za kucheza michezo ya zamani, kama za Anbernic na Miyoo, zimefuata njia hiyohiyo. Kila kitu kimo kwenye microSD, mara nyingine mfumo wenyewe ukiwa kwenye kadi moja na michezo kwenye ya pili. Mashine ikifa, unachomoa kadi unaiweka kwenye nyingine ya aina hiyo na kuendelea palepale ulipoachia, rekodi zikiwemo. Hicho ndicho ambacho Switch, kwa ufundi wake wote, haikubali.

Pingamizi zito kuliko yote ni la wizi. Mtu anaweza kusema kwamba hiki kinachoitwa kadi huru ni jina la heshima la kunakili kazi za watu bila kuwalipa, na kwamba kufuli la Nintendo lipo kwa sababu hiyo. Pingamizi hili halifai kupuuzwa. Sehemu kubwa ya michezo inayozunguka kwa kadi ni nakala zisizo na ruhusa, na Kongo ina sheria ya haki za mwandishi tangu Aprili 5, 1986. Asiyemlipa mtunzi hapati haki ya kutomlipa kwa sababu mega ni ghali. Hata hivyo pingamizi linachanganya mambo mawili. Kadi kuwa huru ni sifa ya chombo. Kazi iliyomo kuwa halali ni suala la makubaliano na mwenye kazi. GOG wamekuwa wakiuza michezo ya kompyuta isiyo na kufuli tangu mwaka 2008, na mnunuzi anaweza kuweka faili la kusakinisha kwenye kadi yake na kulitunza milele. Tovuti ya itch.io nayo inauza na kugawa kwa namna hiyo, nyingi zikiwa kazi za watunzi wadogo wanaotaka zisambae. Na mfano ulio wazi kuliko wote umo ndani ya Switch yenyewe: katriji. Katriji imelipiwa, ina mchezo ndani, inaingia kwenye Switch yoyote, inaazimwa, inauzwa tena, inavuka Gatumba ndani ya begi. Ni kadi huru iliyo halali mia kwa mia. Kama kufuli ndilo lingekuwa njia pekee ya kumlinda mtunzi, katriji zisingewahi kuuzwa. Kinacholindwa na kufuli la kadi ni zaidi ya mtunzi: ni duka la mtandaoni lisilotaka mchezo uuzwe mara ya pili.

Pingamizi la pili ni la vibanda: kadi za bandia. Hapa wanunuzi wana sababu ya kuogopa, na inafaa kueleza udanganyifu unavyofanya kazi, kwa kuwa wengi hudhani kadi bandia ni kadi mbovu. Ndani ya kila kadi kuna vitu viwili, chipu inayotunza data na kidhibiti kidogo kinachoiambia mashine ukubwa wa chipu. Mdanganyifu huchukua chipu ya giga 8 na kukifundisha kidhibiti kusema 128. Simu inaamini. Unanakili giga 8 za kwanza na zinasomeka vizuri. Baada ya hapo data mpya inaandikwa juu ya ya zamani au inatupwa hewani, lakini majina ya mafaili yanaendelea kuonekana, kwa sababu orodha ya majina hukaa mwanzoni mwa kadi, kwenye sehemu iliyo ya kweli. Ndiyo maana mteja anaondoka dukani akiwa ameridhika na kugundua wiki mbili baadaye kwamba mchezo unafunguka hadi katikati na kuganda. Kipimo cha uhakika kipo, programu za bure kama H2testw na F3, ambazo hujaza kadi nzima kisha kuisoma upya. Kwa kadi ya giga 128 inayoandika megabaiti 20 kwa sekunde na kusoma 80, kazi hiyo inazidi saa 2 na inataka kompyuta yenye umeme. Hakuna muuzaji wala mteja atakayesimama kibandani muda huo. (Ile inayoonyesha giga 119 badala ya 128, kwa upande mwingine, haijakuibia, kompyuta inahesabu kwa vipimo vya 1,024 na kiwanda kwa 1,000.)

Lakini pingamizi hili, likifuatwa mpaka mwisho, linaunga mkono kadi ndogo huru badala ya kuiangusha. Kadi ya giga 32 hupimwa kwa robo ya muda huo. Ukubwa wake haumvutii sana mdanganyifu. Inasomeka kwa FAT32 kwenye karibu kila kifaa cha miaka 15 iliyopita, kuanzia redio ya spika hadi konsoli ya Kichina. Aliyegawa michezo yake kwenye kadi mbili za giga 32 hapotezi yote moja ikifa. Mwenye kadi iliyofungwa hana mahali pa kugawia: nakala anayoiweka kwenye kadi ya pili bado inaifuata konsoli moja, na konsoli hiyo ikifa au ikiibiwa zote mbili zimekufa nayo.

Wapo pia wanaosema mjadala wote huu utazikwa na setilaiti. Starlink walipata leseni Kongo Mei 2025, baada ya vifaa vyao kupigwa marufuku mwaka mmoja kabla, na ni kweli kwamba sahani moja juu ya bati inaweza kushusha kwa saa moja kilichochukua siku nzima. Ila sahani inanunuliwa kwa dola, inalipiwa kila mwezi, na inakula umeme. Mahali ambapo watu wachache wana mtandao wa kasi na wengi hawana, kasi hiyo haimfikii kila mtu kwa waya. Inafikia kituo kimoja, na kutoka hapo inaendelea kwa kadi. Kuna kila dalili kwamba Starlink itaongeza kazi ya vibanda vya kuweka nyimbo na filamu, kwa kuwa bidhaa yao itawafikia upesi zaidi. Itakayonufaika kidogo ni kadi iliyofungwa, maana kila mwenye konsoli atalazimika kwenda kwenye sahani na konsoli yake na kupakua giga zake mwenyewe, hata kama mtu wa mbele yake kwenye foleni amemaliza kupakua mchezo uleule.

Switch 2, iliyotoka Juni 5, 2025, imelifanya suala hili kuwa la haraka. Ina giga 256 ndani, mara nane ya ile ya kwanza, na wengi watasema tatizo la nafasi limekwisha. Papo hapo inakataa kuhifadhi mchezo kwenye microSD za kawaida. Inataka microSD Express, ambayo ni ghali zaidi, na kadi zote zilizokwisha kusambaa kwenye simu za pwani hii inazikubali kwa kusomea picha na video za zamani tu. Kasi ndiyo sababu inayotolewa, na ni sababu ya kweli, kwa kuwa michezo mipya inasoma data kwa kiwango ambacho kadi ya kawaida haifikii. Badiliko linaloigusa Uvira zaidi liko kwenye katriji. Baadhi ya michezo ya Switch 2 huuzwa kwenye katriji zenye ufunguo peke yake: unaichomeka, konsoli inaitambua, kisha inakutuma mtandaoni kupakua mchezo wote. Bado unaweza kuiazima au kuiuza, ila kila mwenye kuipokea anaanza upya na mega zake. Haikulazimika kuwa hivyo. Cyberpunk 2077 ulitoka kwa konsoli hiyohiyo ukiwa mzima ndani ya katriji ya giga 64, kwa hiyo uamuzi ni wa mchapishaji, na mnunuzi anaweza kuusoma kabla ya kulipa: boksi la katriji ya ufunguo lina utepe chini ya picha ya mbele, wenye alama ya ufunguo. Kwa atakayenunua Switch 2 Bujumbura au Dar es Salaam na kuileta Uvira, alama hiyo ndiyo ya kutazama kabla ya namba ya giga. Na kwa asiye na haja ya michezo mipya kabisa, Switch ya zamani ya mtumba yenye katriji tano halisi na kadi ya giga 32 bado ni ununuzi bora, kwa sababu mbili kati ya katriji hizo zinaweza kuwa kwa jirani wa Kimanga wiki hii bila mtu yeyote wa Nintendo kule Kyoto kuulizwa.